Chakula cha Kwanza cha Kambare

Mwaka wa 2009, Serikali ya Kenya ilipoazimia kuchimba mabwawa 200 ya samaki katika kila jimbo kati ya majimbo 140 ya uchaguzi, kila bwawa likiwa na eneo la mita 300 za mraba, wakulima wengi wa Bungoma na wa Trans Nzoia walijipatia bwawa kabla hawajajua watapata wapi vifaranga wa kulijaza. Na ijapokuwa miaka imepita, na mabwawa kadha wa kadha yamekuwa makazi ya vyura, haja ile ya mbegu haijaondoka. Ndiyo iliyowafanya baadhi ya wenzetu, wanaume kwa wanawake, wajaribu kutotolesha kambare nyumbani kwao, na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu, kwa kuwa wengi wanaoshindwa katika kazi hii hushindwa mahali pamoja, wala mahali hapo sipo wanapopadhania.

Mwanafunzi wa kazi hii aghalabu huogopa sindano. Hudhani kwamba siri yote imo katika kumdunga kambare jike homoni, na katika kukamua mayai yake na kuyachanganya na manii ya dume. Na akijaliwa kuyaona mayai yakianguliwa, huwaita majirani waje kutazama maelfu ya viumbe wembamba wakijikusanya gizani chini ya beseni. Furaha hiyo ni ya siku tatu. Siku ya nne hufa mia, siku ya tano elfu, na kabla ya juma kwisha beseni ni tupu; naye mwenye kazi hulaumu maji, hulaumu homoni, au hulaumu jicho la hasidi, ilhali vifaranga wake wamekufa kwa njaa katikati ya chakula tele alichowamwagia kwa mikono yake mwenyewe.

Kambare huanguliwa na akiba yake. Chini ya tumbo lake pana kifuko cha kiini cha yai, nacho humtosha, maji yakiwa na joto la nyuzi 26 hadi 28, kwa muda wa siku tatu hivi, asihitaji kitu kingine illa maji safi na hewa. Kifuko kinapokaribia kwisha kinywa hufunguka, na kifaranga huanza kuogelea huku na huko akitafuta. Lakini kinywa kufunguka ni jambo moja, na tumbo kuwa tayari ni jambo jingine. Tumbo la kambare mchanga halijapata bado tezi za kutoa asidi na kuvunja chakula kigumu. Hizo hukamilika baada ya siku nne au tano za kula. Kwa hiyo unga wa dagaa na pumba za mahindi, hata ukisagwa laini na kuchekechwa mara tatu, hupita ndani yake bila kumnufaisha, na usioliwa huzama, ukaoza, ukayaharibu maji. Anachokitaka siku hizo ni windo lililo hai, dogo na laini, linalotikisika karibu na sharubu zake. Kulipata windo hilo, kwa wingi na kwa wakati, ndiko kutotolesha kambare. Yaliyobaki ni maandalizi tu.

Tatizo hili halikuzuka Bungoma. Wafugaji wa samaki wa bahari wa mapambo, wale wanaowekwa katika matangi ya vioo sebuleni, wamepambana nalo kwa miaka mingi na kwa shida kubwa kuliko yetu. Katika pwani yetu, Kwale na Kilifi, samaki hao huvuliwa na wapiga mbizi katika matumbawe na kusafirishwa ng'ambo wakiwa hai, kwa sababu wengi wao hawajapata kuzalishwa kifungoni kwa kiasi cha biashara. Yule mdogo mwenye mistari, aishiye kati ya mikono ya anemone, alizalishwa Marekani kwa kuuzwa tangu mapema miaka ya 1970, maana kifaranga wake huanguliwa akiwa na kinywa cha kutosha kumeza rotifa, kiumbe cha maji kisichozidi theluthi ya milimita. Kangaja wa manjano, lakini, aliwashinda wataalamu wa Hawaii mpaka mwaka wa 2015, na kangaja wa buluu, ambaye yumo hata katika matumbawe ya Afrika Mashariki, hakuzalishwa mpaka 2016 huko Florida. Mayai ya kangaja yalikuwa yakipatikana tangu zamani. Kilichokosekana ni windo dogo la kuingia katika kinywa cha kifaranga, na mlango ulifunguka pale walipojua kufuga kwa wingi makinda ya kopepodi, viumbe ambao ni wadogo kuliko hata rotifa. Na yuko mwingine, aitwaye mandarini, ambaye hata akiwa mzima hudonoa kopepodi mmoja mmoja mchana kutwa, na aghalabu kumwagia chakula kikavu ni kumhukumu kufa.

Simtaji kangaja ili kumshawishi mtu wa Kimilili au wa Kiminini ajaze maji ya chumvi sebuleni pake; mkewe hatakubali, na bili ya umeme pia haitakubali. Namtaja kwa kuwa wale waliomshinda walikuwa wafugaji wa chakula kabla ya kuwa wafugaji wa samaki, na sisi tuna sababu zaidi ya kuwafuata kwa kuwa kambare ametuhurumia: kinywa chake ni kipana tangu mwanzo, hata aweza kuanza na windo kubwa ambalo kangaja mchanga asingeliweza kabisa.

Basi ushauri wangu wa kwanza, ambao mengine yote yanauegemea, ni kwamba usimdunge jike sindano mpaka uwe umeliona kwa macho yako windo hai likitembea katika chombo chako, na uwe umelitotolesha kwa majaribio angalau mara moja, ukajua linachukua saa ngapi katika nyumba yako na kwa maji yako. Mkulima wa Kitale, mji ambako Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa mwaka wa 1956, hangoji mbegu zichipuke guniani ndipo aende kutafuta jembe. Na katika samaki taratibu ni hiyo hiyo.

Hapa sina budi kuwatenganisha wasomaji wangu, kwa maana nasaha inayomfaa mmoja yaweza kumponza mwingine. Mji wa Bungoma uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kitale mita 1,900. Tofauti hiyo kwa binadamu ni ya sweta moja tu, lakini kwa yai la kambare ni ya uhai. Mwongozo uliotolewa na FAO mwaka wa 1996, ulioandikwa na de Graaf na Janssen kwa ajili ya nchi za Afrika kusini mwa Sahara, unaeleza kwamba katika maji ya nyuzi 20 jike aliyedungwa huhitaji saa 21 kabla ya kukamuliwa, na mayai yake huchukua saa 57 kuanguliwa. Katika nyuzi 25 muda huo ni saa 11 na saa 27. Na katika nyuzi 30 ni saa 7 tu na saa 20 hivi. Mtu wa Kitale akiipokea kutoka kwa rafiki yake wa Bungoma ile saa ya kukamua, asiyapime maji yake, atamkamua jike kabla ya wakati, naye atapata mayai machache yaliyochanganyika na damu, na pengine atampoteza mzazi. Fauka ya hayo, kila saa inayoongezeka katika maji baridi ni saa ya ukungu mweupe, ambao huanzia katika yai moja lililokufa na kuyafunika yaliyo hai.

Kipimajoto, kwa hiyo, kitangulie pampu, kitangulie hata beseni. Wa Bungoma, akiwa na chumba chenye paa la mabati na dirisha lililozibwa, katika miezi ya joto aweza kufikia nyuzi 25 bila gharama kubwa. Wa Kitale, na hasa aliye upande wa Endebess au wa Cherangany, ajenge kibanda cha plastiki kama kile cha kuoteshea nyanya, ayaweke mapipa yake humo, ayafunike usiku kwa magunia, na ikiwezekana atie kipashamoto cha umeme. Asipoweza hayo, namwambia pasipo kificho kwamba ni nafuu kwake kununua vifaranga waliokwisha kufikia majuma manne au matano kutoka nyanda za chini na kuwakuza, kuliko kupigana na usiku wa Julai. Si aibu kuacha sehemu moja ya kazi kwa jirani ambaye hewa yake inamsaidia.

Tuje sasa kwenye windo lenyewe. Linalotumiwa zaidi duniani ni atemia, mdudu mdogo wa maziwa ya chumvi, ambaye mayai yake makavu hukaa koponi kwa miaka yakiwa yamelala, na mengi yake huvunwa katika Ziwa Kuu la Chumvi la Utah, Marekani. Kenya nayo imewahi kuwa na mkono katika jambo hilo: katika miaka ya 1980 atemia alitiwa katika mabwawa ya kutengenezea chumvi kaskazini mwa Malindi, na ingekuwa faraja kubwa kama wafugaji wa Magharibi wangeweza kuyapata kwa urahisi mayai ya kwetu wenyewe, maana kopo la kutoka ng'ambo ni ghali. Kuyaangua si kugumu. Chukua chupa kubwa ya plastiki, ukate kitako chake na uigeuze kichwa chini. Tia maji yenye gramu 25 hadi 30 za chumvi kwa kila lita, chumvi isiyo na madini joto ikipatikana. Tia kijiko kidogo cha mayai, pampu ya hewa ivume kutoka chini pasipo kukoma, taa iwake karibu, na joto liwe nyuzi 28. Baada ya saa 24 hivi zima hewa, funika sehemu ya juu kwa kitambaa cheusi, na uwashe taa chini: maganda matupu yataelea, na atemia wachanga, wenye rangi ya chungwa na urefu wa nusu milimita hivi, watakusanyika penye mwanga. Wanyonye kwa mpira mwembamba, uwachuje katika kitambaa laini, uwasuuze kwa maji baridi ya kawaida ili chumvi iondoke, ndipo uwape vifaranga. Usikawie kuwatumia, kwa kuwa wana kiini chao cha kuwalisha saa chache tu, na kadiri wanavyokila ndivyo shibe ya kifaranga inavyopungua. Na kwa kuwa atemia hadumu katika maji yasiyo na chumvi ila kwa saa chache, toa kidogo kidogo, mara nyingi, usitoe kingi kwa mpigo mmoja.

Kwa yule ambaye kopo la atemia limemshinda bei, liko windo ambalo Mungu ametuwekea mlangoni, nao ni viroboto wa maji, wale wekundu au weupe wanaorukaruka katika madimbwi ya ng'ombe baada ya mvua. Kwa mizani ya mkulima mdogo, hao nawapenda zaidi kuliko atemia, ingawa wana hila zao. Andaa pipa au tangi la saruji lenye maji ya mvua au ya mto, si maji ya bomba yaliyotiwa dawa. Tundika ndani yake gunia dogo lenye mbolea kavu ya kuku. Uache jua liyafanye maji kuwa ya kijani. Kisha mimina humo viroboto uliowachota kwa chujio la kitambaa. Kwa hali ya Bungoma tangi litajaa katika juma moja au chini yake, kwa hali ya Kitale ngoja zaidi. Vuna robo, uache robo tatu, wazaane tena. Hadhari ni mbili. Kwanza wachekeche kwa kitambaa cha matundu madogo, maana kiroboto mkubwa hamfai kifaranga wa siku ya kwanza. Pili chunguza kwa kioo cha kukuzia kama wamechanganyika na kopepodi wakubwa au na funza wa kereng'ende. Hao si chakula, hao ni maadui, na funza mmoja wa kereng'ende akiingia katika beseni hula vifaranga wako usiku kucha wewe ukiwa umelala.

Kuhusu sindano yenyewe nitasema machache, kwa kuwa wengi wamekwisha kuifundisha vizuri. Chagua jike ambaye tumbo lake ni laini na ambaye ukimbonyeza kidogo hutoa mayai ya ukubwa mmoja. Mdunge homoni iliyotengenezwa, kama vile Ovaprim, nusu mililita kwa kila kilo ya uzito wake, au umdunge tezi ya pituitari iliyosagwa ya kambare mwingine. Muda wake ukifika mkamue katika bakuli kavu. Dume wa kambare hakamuliki, ni lazima achinjwe na kende zake zikatwe, na manii yake yachanganywe na maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita. Maji safi yakitiwa, manii huishiwa nguvu katika dakika moja hivi, kwa hiyo uwe tayari kabla ya kuyatia. Gramu moja ina mayai kama 600 au 700, na ndiyo sababu namsihi anayeanza asitotoleshe mayai yote ya jike mmoja: gramu 20 zitampa vifaranga wengi kuliko anavyoweza kuwalisha.

Turudi kwenye siku ya nne, ambapo mambo huamuliwa. Usingoje kifuko cha kiini kiishe kabisa. Kikibaki kidogo na vifaranga wakianza kuinuka kutoka chini, anza kulisha. Lisha kila baada ya saa mbili au tatu mchana, na usiku usipungue mara mbili, kwa kuwa kambare ni samaki wa giza na hula sana wakati ambapo sisi tumejifunika blanketi. Ishara ya kushiba haina utata: ukimtazama kifaranga kwa kioo cha kukuzia utaliona tumbo lake likiwa la rangi ya chungwa ikiwa amekula atemia. Kila asubuhi nyonya uchafu wa chini, ubadilishe sehemu ya maji kwa maji ya joto lile lile, na ufunike beseni lisipigwe na mwanga. Kuanzia siku ya tano ya kula, changanya windo hai na chakula laini cha unga chenye protini nyingi, ukiongeza unga na kupunguza windo kwa siku kadhaa. Mwenye pupa ya kuwahamisha kwa siku moja huwapoteza wadhaifu wote.

Na mara tu chakula kinapopungua huzuka balaa jingine, kwani kambare ni mla nduguye. Mwanzo humshika mwenzake mkia. Akizidi kukua humeza mzima. Kinachochochea jambo hili ni njaa, mwanga mkali, msongamano, na zaidi ya yote tofauti ya ukubwa, hata majitu matatu katika beseni yaweza kuwamaliza mamia kwa juma. Basi wachambue kila baada ya siku chache kwa chekecheke au kwa mkono, wakubwa kwao na wadogo kwao, wala usimwonee huruma jitu ukamwacha na wadogo kwa kuwa amependeza.

Wapo wanaopendelea kuwatia vifaranga moja kwa moja katika bwawa lililotiwa mbolea, windo hai lijizalie lenyewe humo. Njia hiyo ni rahisi, illa ina masharti. Bwawa likaushwe, litiwe chokaa na mbolea ya kuku, lizungushiwe mabati au neti iliyozikwa ardhini ili chura asiruke ndani, kisha lijazwe maji siku chache tu kabla ya vifaranga kutiwa. Katika maji mapya rotifa hutangulia, viroboto hufuata, na kopepodi wakubwa na wadudu wawindaji huja baadaye. Anayechelewa majuma mawili huwakaribisha vifaranga wake mezani pa maadui.

Ingawa kazi yetu ni ya kambare, siwezi kuuacha mto Nzoia bila kumtaja ningu. Samaki huyu, ambaye hapatikani kwa asili ila katika eneo la Ziwa Viktoria na mito yake, alikuwa akipanda mtoni kwa makundi wakati wa mvua ili atage, na nyavu za makila zilizotandazwa katika midomo ya mito zilimpunguza sana tangu katikati ya karne iliyopita. Rutaisire wa Uganda na Booth wa Afrika Kusini walitangaza mwaka wa 2004 kwamba wameweza kumzalisha kifungoni kwa homoni, na ningependa kuona kijana wa Webuye mwenye mkono uliokwisha kuzoea kambare akijifunza kazi hiyo katika vituo vya utafiti wa uvuvi. Asianze na ningu, lakini. Kifaranga wake ni mdogo na mayai yake hutaka maji yanayosukwasukwa pasipo kukoma. Wala asihamishe samaki wazazi kutoka bonde la mto mmoja kwenda la mwingine bila idhini ya maofisa wa uvuvi.

Juu ya soko, anayetotolesha Bungoma asiwatazame wenye mabwawa peke yao. Wavuvi wa ndoana wa Ziwa Viktoria hununua kambare wachanga kuwa chambo cha mbuta, nao hununua kwa maelfu. Wanunuzi hao wawili hawataki samaki wa namna moja: mvuvi hutaka aliye hai na mwenye nguvu, hajali asili yake, bali mwenye bwawa anastahili kujua wazazi ni nani na kama ni ndugu wa tumbo moja, maana mbegu ya ndugu hudumaa. Kwa hiyo andika daftari la wazazi wako. Na siku ya kuwapeleka Kitale vifaranga waliokuzwa Bungoma, usiwalishe tangu siku iliyotangulia, ili wasichafue maji njiani. Watie katika mifuko ya plastiki yenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za oksijeni, uondoke kabla ya jua kupanda, na mfikapo uiache mifuko hiyo ielee juu ya bwawa la mnunuzi kwa dakika 20 hivi, huku ukitia ndani yake maji ya bwawa kidogo kidogo, kisha uifungue na kuwaacha watoke wenyewe.